Tuiache redio ya ridhaa iwe starehe

Mlali, wilayani Mvomero, iko upande wa magharibi wa safu ya Uluguru, na kwa mambo ya redio mlima ndio huamua nani asikike. Mawimbi ya FM na ya simu za mkononi husafiri karibu kama mwanga, yakigonga mlima safari yake imekwisha. Aliyeko Mlali na simu ya upepo ya mkononi hatampata mwenzake aliyeko Matombo, upande wa pili. Mawimbi mafupi ya megahezi 7 yana tabia nyingine. Hupanda hadi kwenye tabaka za anga zinazotiwa chaji na jua, mamia ya kilomita juu yetu, kisha hurudi chini na kuangukia ng'ambo kana kwamba mlima haupo. Kinachohitajika ni waya wa kama mita 20 uliotundikwa kati ya miembe miwili, betri ya volti 12 inayochajiwa kwa sola, na mashine ya wati 5 za kurushia, umeme usiozidi ule wa taa ndogo ya sebuleni. Hiyo ndiyo redio ya ridhaa: watu binafsi wenye leseni wanaozungumza hewani bila malipo wala biashara. Nadhani vijana wa Mlali wanastahili kufunguliwa mlango wa mchezo huu, na sababu ya kwanza ya kuufungua ni kwamba unafurahisha.

Kwetu starehe hupewa heshima pale tu inapovaa joho la maendeleo. Katika jambo hili, faida yote inatokana na starehe yenyewe. Fundi anayelipwa huacha kazi redio inapoanza kusema, na ana haki, kwa kuwa mteja anasubiri. Anayecheza nyumbani ndipo anapoanzia: kwa nini mchana nasikia majirani tu, na usiku sauti zinatoka Bara Hindi? Atapunguza waya shubiri moja na kusikiliza tena. Atachomelea upya koili aliyoizungusha vibaya. Kanuni ya kugawa 300 kwa megahezi ili kupata urefu wa wimbi kwa mita, ambayo darasani hukaririwa kwa ajili ya mtihani, kwake inakuwa kipimo cha kukatia waya. Miji yetu ina mafundi wengi hodari wa kubadilisha vifaa vilivyoungua; wanaoweza kubuni saketi yao wenyewe ni wachache, na ubunifu huo hupatikana kwa saa nyingi ambazo hakuna anayezilipia.

Ushahidi ulio wazi unatoka ng'ambo ya bahari yetu. Mwaka 2004 wapenzi wa redio kutoka India, wakiongozwa na Bharathi Prasad, walikwenda visiwa vya Andaman, ambako kwa miaka mingi serikali ya nchi yao haikuruhusu redio za ridhaa. Hawakwenda kuokoa mtu. Walikwenda kujifurahisha, kwa kuwa wenzao duniani kote walitamani kuwasiliana na visiwa hivyo adimu. Tarehe 26 Desemba tsunami ikapiga, simu zikakatika, na mashine zao zikawa njia ya kupeleka habari za walionusurika. Kamati ya maafa inaweza kununua mashine. Mkono uliozoea kuitumia hauuzwi dukani.

Atasema mtu kwamba simu zimemaliza haja hiyo. Kwa siku za kawaida ni kweli. Lakini Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilisuasua nchi nzima, na mnara wa simu nao hauna maana umeme wake ukiisha. Wengine wanahofia usalama. Hofu hiyo inasahau kwamba mwenye leseni hutaja alama yake ya utambulisho hewani na huzungumza waziwazi, mbele ya yeyote mwenye redio ya kumsikiliza. Mwenye nia mbaya angechagua njia ya siri zaidi. Pingamizi zito ni gharama. Mashine ya dukani haiko ndani ya uwezo wa mkulima wa nyanya, na kusema vinginevyo ni kumdanganya. Ila kipokezi kidogo hujengwa kwa vipuri vya redio mbovu, na mashine moja ya kurushia inaweza kutumiwa na shule nzima.

Kwa hiyo hatua za kuchukua si kubwa. Kurusha bila leseni ni kosa, na inafaa libaki kosa. Basi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), inayotoa leseni hizo, ihakikishe mwanafunzi wa sekondari anaweza kusoma masharti yake na kufanya mtihani wake kwa Kiswahili, kwa ada anayoimudu. Chuo Kikuu Mzumbe, jirani wa Mlali, kingeweza kulea klabu moja ya mfano. Kwa mgawanyo wa kimataifa, alama zinazoanza na 5H ni za Tanzania, lakini mara nyingi anayezitumia hewani ni mgeni aliyekuja na mashine yake, na akiondoka huondoka nayo. Miembe ya Mlali ipo, na anga iliyo juu yake haitozi nauli. Kilichobaki ni ruhusa ya kucheza.