Ndugai: Aliyezima taa naye akiwa ndani

Kijana mwenzangu unayelisoma gazeti hili kijiweni, pengine umeegesha bodaboda yako pale Jamatini ukisubiri abiria, pengine umeliazima kwa muuza chipsi wa Majengo na utamrudishia likiwa na mafuta, leo tuache kidogo habari ya bei ya petroli. Tuzungumze habari ya mtu mmoja wa hapa hapa kwetu, mtoto wa Kongwa, Job Yustino Ndugai.

Najua utaniambia marehemu hasemwi. Ndugai alifariki Agosti 6, 2025 hapa Dodoma, tukamzika kwa heshima zake zote. Lakini kiti cha Spika si mali ya ukoo. Alichokifanya pale alikifanya kwa jina lako na kwa kodi yako. Kwa hiyo tutamsema, kwa adabu, lakini tutamsema.

Tuanze na haki yake. Mtu yule alikuwa na kipaji! Aliingia bungeni mwaka 2000, mwaka 2010 akawa Naibu Spika chini ya Mama Anne Makinda, Novemba 2015 akakalia kiti chenyewe. Kanuni za Bunge alikuwa nazo kichwani kama sheikh na msahafu. Alijua kutania, alijua kuchombeza, alisema Kiswahili cha kwao kisicho na marembo, ukumbi mzima ukacheka, hata yule anayechapwa. Watani zake wa makabila mengine walipomwita Mgogo kwa dharau, yeye aliupokea Ugogo wake kwa kifua mbele. Sisi vijana wa kanda hii, tuliozoea kusikia Dodoma inatajwa kwa njaa na ombaomba tu, tulijisikia. Nani asingejisikia?

Angetaka, angekumbukwa kama Samuel Sitta, mtu wa Urambo, aliyeliongoza Bunge la 2005 hadi 2010. Bunge hilo liliunda kamati teule ya Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu humu humu Dodoma. Sitta naye aliponzwa na ujasiri ule, mwaka 2010 chama chake kikasema kinataka Spika mwanamke, yeye akakaa pembeni. Lakini Sitta alianguka mchana kweupe, watu wanatazama, na wengi wakasema wazi kwamba kaonewa.

Ndugai alianguka gizani. Na giza lile, ndugu msomaji, alishiriki kulitengeneza kwa mikono yake.

Taa ya kwanza ilizimwa Januari 2016, hata miezi mitatu hajamaliza kwenye kiti. Serikali ilitangaza kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, eti gharama. Wabunge wa upinzani walipogoma, askari wakaingizwa ukumbini. Spika mwenye uchungu na mhimili wake angesimama akasema hapana, Bunge si ofisi ya siri. Hakusema. Wewe uliyekuwa ukikaa mbele ya televisheni ya kibandani kumtazama mbunge wako, ukaanza kuletewa vipande vilivyokwisha kukatwa na kushonwa.

Juni 2017 Halima Mdee na Ester Bulaya walifungiwa vikao hadi bajeti ya mwaka uliofuata. Mwaka mzima! Majimbo ya Kawe na Bunda Mjini yakabaki bila mdomo. Septemba 7 mwaka huo huo Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki, jirani yetu wa hapo Ikungi, alimiminiwa risasi mchana, kwenye makazi ya wabunge hapa Dodoma, ametoka bungeni. Akapelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Dunia nzima ilijua yuko kitandani anashonwa. Juni 28, 2019 Spika Ndugai akatangaza kwamba kiti cha Lissu kiko wazi, kwa kuwa hakuhudhuria vikao bila kumpa Spika taarifa, na kwa kuwa hakujaza fomu za mali na madeni. Kanuni, bwana! Bingwa wa kanuni alikuwa na kifungu cha kila kitu isipokuwa cha mtu aliyepigwa risasi. Jimbo likapata mbunge mpya aliyepita bila kupingwa.

Halafu Profesa Mussa Assad, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kosa lake? Aliulizwa na redio ya Umoja wa Mataifa kwa nini ripoti zake hazifanyiwi kazi, akasema huo ni udhaifu wa Bunge. Januari 2019 Spika akamwita Dodoma, akaonya kwamba asipokuja kwa hiari ataletwa kwa pingu. Kwa pingu, mtu ambaye kazi yake kikatiba ni kukuambia wewe pesa zako zimekwenda wapi! Profesa akaja kwa miguu yake, akahojiwa, na Aprili mwaka huo Bunge likaazimia kwamba halitafanya naye kazi. Novemba Rais akateua mwingine.

Hapa nikuchepushe kidogo, kwa sababu Kongwa ile aliyotoka Ndugai iliwahi kuona ubabe mkubwa kuliko wake. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na matingatinga yao, wakitaka kulima karanga zaidi ya ekari milioni tatu katika nchi hii. Walikuwa na wahandisi, walikuwa na mabaki ya mitambo ya vita, walikuwa na mahesabu ya karatasi yanayopendeza. Kitu walichokosa ni sikio. Mvua za Ugogo haziendi kwa kalenda ya London, na udongo ule mwekundu ukikauka huwa kama saruji, karanga haichomoki. Mibuyu ikawavunjia vyuma. Mwaka 1951 walikuwa wamekwisha kubwaga manyanga, mamilioni ya pauni yamefukiwa mavumbini. Mtoto aliyekulia kwenye nchi yenye habari hiyo nilitarajia awe wa kwanza kuogopa mtu anayejiona hahitaji kuambiwa.

Turudi bungeni. Uchaguzi wa 2020 uliacha wabunge wa upinzani wa majimboni wasiofika kumi. Novemba 24 mwaka huo Spika akawaapisha wanawake 19 wa CHADEMA kwenye viwanja vya Bunge, chama chao kinasema hakikuwateua, kikawafukuza uanachama siku tatu baadaye, naye akawakingia kifua. Kiongozi wa kundi hilo alikuwa Halima Mdee yule yule. Ndiyo siasa, utasema. Haya.

Mwishoni mwa Desemba 2021 likatokea la kutokea. Kwenye mkutano wa Wagogo hapa Dodoma, Ndugai alisimama akazungumzia madeni ya nchi. Akauliza kama ni sawa kuendelea kukopa, akataja deni la trilioni 70, akasema ipo siku nchi itapigwa mnada. Akatetea tozo za simu, kwamba afadhali tubanane wenyewe. Kuhusu tozo tusielewane naye, mimi ile miezi ya 2021 nilikuwa nahesabu shilingi kila nikituma pesa nyumbani. Lakini kuhusu deni, aliuliza swali la halali kabisa! Swali ambalo Spika yeyote duniani analipwa mshahara kuliuliza.

Ila jiulize, kijana: kwa nini aliliuliza kwenye mkutano wa kabila lake, si kwenye ukumbi wa Bunge? Bajeti zenye mikopo hiyo zilipitishwa ukumbini mle, yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti.

Basi moto ukawaka. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mtetezi wa mikopo ya serikali, na wakubwa walisikia kama anapingwa. Januari 3, 2022 Ndugai akaita waandishi, akaomba radhi. Haikusaidia. Siku iliyofuata Rais akasema hadharani kwamba hakutegemea kauli ile kutoka kwa kiongozi wa mhimili, akaihusisha na homa ya 2025. Wale wale waliokuwa wakigonga meza akiwafungia wenzake walishindana sasa kumtaka aondoke.

Nani angemtetea? Mkaguzi wa hesabu ambaye angekuja na tarakimu kusema Spika ana hoja? Alikwisha ondoka. Lissu, ambaye kwa ninavyomfahamu angelisimamia swali lile hata kama lingetoka kwa adui yake? Alikuwa Ubelgiji. Kambi ya upinzani yenye wabunge mia moja na ushei, ile ya 2015, ingelidaka jambo lile ndani ya dakika tano na kulifanya hoja ya Bunge. Haikuwapo. Na wananchi wa kumtazama usoni akijieleza ukumbini, moja kwa moja, wakaamua wenyewe? Ukumbi wenyewe haukukaa.

Januari 6, 2022 akajiuzulu, Spika wa kwanza kufanya hivyo katika historia ya nchi hii. Barua yake aliiandika kwa Katibu Mkuu wa CCM. Bunge, mhimili ule aliotishia watu pingu kwa ajili ya heshima yake, likaletewa nakala. Februari 1 wabunge wakamchagua Dk. Tulia Ackson kwa kura zote zilizopigwa, wagombea wa vyama vingine wakatoka na sifuri.

Ndugai alirudi kukaa kwenye viti vya kawaida, mbunge wa Kongwa kama alivyoanza mwaka 2000, akisubiri aliyekaa mbele amwone ndipo asimame kusema. Alikaa hivyo zaidi ya miaka mitatu. Watu wa Kongwa hawakumtupa: Agosti 2025, siku chache kabla ya kifo chake, alikuwa ameongoza tena kura za maoni za chama chake jimboni.