Ana Jini, au ni Kidole Tumbo?

Kijana wa Musanda! Ndugu yako anayetumia dawa za akili akishika tumbo usiku na kulia, unamsikia? Ama mnasema "zimeanza tena" na kungoja ruqya ya asubuhi? Kidole tumbo kinaweza kupasuka mkingoja. Na hata hospitalini, wakishasikia "huyu ni wa akili", wako wanaomsukuma nyuma ya foleni.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haijaandika "isipokuwa mwenda wazimu". Yaseme hayo pale mapokezi, kwa adabu, lakini usitoke.

Mkipanda boda kwenda Mumias, beba dawa zake na kile kikaratasi cha kliniki. Daktari wa nusukaputi lazima ajue anameza nini, maana dawa nyingine hugongana, na kuzikatiza ghafla pia kuna hatari. Akizinduka amechanganyikiwa, usimfokee. Kaa hapo, mwite kwa jina lake, mwambie yuko wapi. Ruqya? Msomeeni hapo hapo kitandani.