Nyongeza ya Muda wa Kwizi Siyo Sadaka

Leo mtanisamehe, sina stori za hosteli wala za boom kuchelewa. Nina dukuduku la siku nyingi kuhusu hizi kwizi za mtandaoni, hasa hili suala la kuongezewa muda. Naandika nikiwa nyumbani Misunkumilo, hapa Mpanda, na ukiwa huku ndiyo unalielewa vizuri.

Utaratibu wetu mnaujua. Kwizi inafunguliwa Ijumaa, inafungwa Jumapili saa 5:59 usiku, dakika 30, unaingia mara moja tu. Umeme ukikatika au mtandao ukigoma katikati, dakika zinaendelea kuhesabika. Zikiisha, mfumo unakusanya ulichojibu na mchezo umekwisha. Hapo ndipo safari ya kuomba inaanza: wewe kwa CR, CR kwa msaidizi wa mhadhiri, msaidizi kwa mhadhiri. Anayejuana na CR anapata. Mwenye mdomo anapata. Mwenye aibu anakula sifuri, na sifuri hiyo inaingia kwenye kosiweki. Mwisho wake ni sapu, na wengine ndo wanadisko hivyo hivyo.

Mimi nasema nyongeza ya muda siyo sadaka. Ni sehemu ya kuendesha mtihani, kama ilivyo kengele na msimamizi.

Na wasituambie mfumo haukubali. Vyuo vikuu kadhaa hapa nchini vinatumia Moodle, ambayo inamruhusu mhadhiri kubadili saa ya kufunga, dakika na idadi ya majaribio kwa mwanafunzi mmoja au kwa kundi zima, wengine wakabaki vilevile. Kuna la kuangalia moja tu: ukiongeza dakika bila kusogeza saa ya kufunga hujamsaidia mtu, maana kwizi ikifungwa na dakika zake zinakufa.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, Tanzania nzima tukahangaika. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa na ikakaa siku kadhaa. Hizo kila mhadhiri aliziona kwenye simu yake mwenyewe. Lakini mtandao ukipotea Misunkumilo peke yake, nani aliyeko Dar atajua? Mpanda hii tumekulia umeme wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Na ukipanda basi kwenda Tabora kupitia Inyonga na Sikonge, ni pori kwa pori. Jamani, hapo utamwomba nani?

Najua hoja ya upande wa pili: ukiongeza muda maswali yatavuja, na wavivu watasingizia TANESCO. Sikatai, wapo. Ila maswali kuvuja dawa yake ni benki ya maswali, kila anayerudia apangiwe mengine. Uvivu dawa yake ni kumbukumbu. Mfumo unaandika saa uliyoingia na saa uliyohifadhi kila jibu. Aliyeanza Jumamosi akakatikia swali la sita anaonekana. Watano wa wilaya moja wakikatika dakika moja, nao wanaonekana. Aliyeingia mara ya kwanza Jumapili saa 5:50 usiku, huyo mimi simtetei.

Ninachotaka ni sheria iandikwe kabla muhula haujaanza. Moja, kila mtu awe na saa 24 za kuripoti, zihesabiwe toka mtandao uliporudi kwake. Mbili, jibu litoke kwa maandishi, likiwa na sababu, siyo kwa mdomo wa CR. Tatu, tatizo likiwa la eneo zima, wote wa eneo hilo waongezewe bila kuomba, hata yule ambaye hakuweza kuingia kabisa.

Sisi wa ualimu tunafundishwa darasani kwamba kipimo kinatakiwa kupima kile kilichofundishwa. Sifuri ya mtandao imepima nini? Imepima mnara wa simu. Halafu alama hiyo inaandikwa kwa jina la mwanafunzi, na kesho huyo huyo anaenda kufundisha watoto wa watu akiamini haki huwa inaombwa mlangoni kwa mkubwa.

Wahadhiri mnaopita humu, na nyie maCR, kama nimekosea semeni. Uwanja ni wenu.