Unalilia British Museum, na Kigoda cha Kogo Ulikinunua Mia Tatu

Wasee, leo sina video ya "nimeokota nini wikendi hii". Leo nimekuja kuchoma picha, na nitaanza na yangu mwenyewe ndio msiseme najifanya mtakatifu.

Mnanijua. Mimi ni yule kijana wa Keringet anayezunguka vijijini akitafuta vitu vya vinteji: pasi za makaa, taa za mafuta, masanduku ya chuma, cherehani za Singer, redio kubwa za mbao, vigoda, vibuyu. Nikipata kitu nakisafisha, nakipiga picha ukungu wa asubuhi ukiwa nyuma, naposti, mtu wa Nairobi ananitumia M-Pesa. Kwa miaka miwili hiyo ndiyo imekuwa hasla yangu, na nyinyi mmenipigia makofi.

Sasa nisikizeni. Hii biashara yetu ya vitu vya kale, vile tunaifanya sasa hivi, imekaribia sana kuwa wizi. Na kinachonikera zaidi ni kwamba sisi wenyewe ndio tunapiga kelele mtandaoni kila siku tukitaka Wazungu warudishe vitu vyetu.

Mwaka jana mwezi wa nane nilienda kwa kogo mmoja, jirani yetu, upande wa barabara inayoenda Olenguruone. Nikamsalimia, "Chamgei, kogo." Akanikaribisha, akanimiminia mursik. Nikiwa nakunywa, macho yangu yalikuwa yanazunguka nyumba kama ya dalali. Nikaona kigoda cha miguu mitatu, kimechongwa kutoka gogo moja, kiti chenyewe kimelainika kwa kukaliwa miaka mingi. Mguu mmoja ulikuwa umepasuka ukafungwa waya. Ukutani kulikuwa na sotet ya zamani, shingo imeshonwa pale ilipopasuka, ndani bado inanuka moshi na maziwa.

Nikamuuliza kama anauza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema mjukuu wake ametumwa nyumbani karo. Nikamwambia kigoda mia tatu, sotet mia mbili. Nikaongeza kwamba ile waya inashusha bei. Hakubishana. Nikatoka hapo nikijiona mjanja. Wiki hiyo hiyo nikauza vyote viwili 6,500 kwa dem mmoja aliyesema vitapendeza kando ya tivii yake.

Desemba nikampitia kogo tena. Hakutaja pesa hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Weri, kile kigoda, siku hizi kinakaliwa na nani?"

Nilikosa jibu. Sikujua hata jina kamili la yule dem.

Ndipo akanieleza. Kigoda kilikuwa cha marehemu mzee wake. Nyumba yao ilipochomwa 2008, alikimbia na mtoto mgongoni na kigoda mkononi, kwa sababu ndicho kilikuwa karibu na mlango. Hakuokoa kitu kingine. Sotet aliipewa baadaye na dada yake. Mguu wa kigoda ulivunjika njiani, na ile waya aliifunga yeye mwenyewe walikokuwa wamekimbilia.

Ile waya. Ile niliyosema inashusha bei.

Wale wa Kuresoi na Molo mnajua hii stori bila kuelezwa. 1992, 1997, 2008. Watu wa kila kabila huku walikimbia, na nyumba ziliungua na kila kitu ndani. Kwa hivyo ukiona kitu cha zamani kwenye nyumba ya huku, usiangalie umri wake peke yake. Kiulize kilipona vipi.

Sasa tuje kwa kelele zetu. Kila mtu anajua kuhusu Koitalel araap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliyeuawa na Richard Meinertzhagen tarehe 19 Oktoba 1905 kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Fimbo zake zilipelekwa Uingereza, zikarudi Kenya 2006. Miaka mia moja na moja! Tukiongea hiyo maneno tunawaka moto, na tuko sawa kuwaka. Lakini nionyeshe tofauti kati ya mtu aliyechukua kwa bunduki na mtu anayechukua kwa mia tatu siku mwenye kitu amebanwa na karo. Tofauti ipo, sikatai, hakuna aliyekufa kwenye nyumba ya kogo. Lakini wote wawili walitoka na kitu ambacho mwenyewe hakuwa tayari kukiacha, na wote wawili hawakuuliza jina lake.

Na mkidhani watoaji wa vitu vyetu ni Wazungu pekee, angalieni Pwani. Wamijikenda wana vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya wazee wa Gohu waliokufa. Kwa familia, kigango ni yule mzee mwenyewe, huwezi kukisogeza ovyo. Vingi viliibwa usiku, mara nyingi na vijana wa karibu waliotaka pesa ya haraka, vikapita kwa maduka ya vitu vya kitalii, vikaishia kwenye nyumba za matajiri na makumbusho Marekani. Jumba la makumbusho la Denver lilirudisha vigango 30, vikafika Kenya 2019. Lile la jimbo la Illinois likarudisha 37 mwaka 2023. Mnunuzi alikuwa mbali, lakini mlango ulifunguliwa na mtu wa nyumbani. Huyo mtu wa nyumbani, wasee, ni mimi na wewe tukiwa na simu nzuri zaidi.

Kuna kesi moja hapo ambayo kila mtu wa kontenti anafaa kuijua. Mwaka 1985 mtafiti mmoja Mmarekani alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mzee alikufa bila kuviona tena. Miaka baadaye vikatambuliwa, kila kimoja katika jumba lake la makumbusho huko Marekani, na ile picha ndiyo ilikuwa ushahidi. Familia ilivipokea 2007. Soma hapo tena: picha moja yenye jina la mwenyewe na mahali ndiyo iliyorudisha kitu nyumbani. Mimi nina picha zaidi ya elfu moja kwa simu. Hakuna hata moja yenye jina la mtu aliyeniuzia.

Najua mtakachosema, kwa hivyo niwajibu kabla ya komenti.

"Lakini kogo alihitaji pesa." Ndio, alihitaji. Ndio maana bei ya haki ingemsaidia zaidi ya mia tano. Shida ya mtu haifanyi kitu chake kuwa rahisi, inafanya wewe uweze kumkandamiza tu.

"Bila sisi vitu vitaliwa na mchwa." Pia ni kweli. Nimeona sotet imetupwa nje kwa sababu maziwa siku hizi yanawekwa kwa jagi la plastiki. Sisemi tusinunue. Kitu kikinunuliwa vizuri kinaweza kuishi. Kikinunuliwa bila jina wala stori, umeokoa mbao tu.

"Hii ni biashara." Sawa, basi tuifuate kama biashara. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inasema kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni kitu cha kale kisheria. Kukiuza kibiashara kunataka leseni, kukitoa nchini kunataka kibali. Vingi tunavyouza havijafika umri huo. Lakini ni nani kati yetu anayeuliza?

Tena soko lenyewe linatulipa kwa ujinga wetu. Kuna vigoda vya juzi vinapakwa rangi ya viatu, vinatiwa moshi, vinauzwa kama vya babu ya babu. Unajua njia rahisi ya kuvikwepa? Uliza kilitoka kwa nani. Kigoda cha ukweli kina mtu nyuma yake. Miguu yake imeisha upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa sababu kuna mtu alikuwa akiegemea upande huo kila jioni.

Kwa hivyo, kuanzia leo nafanya hivi, na nikikukuta sokoni unauza vinteji nitakuuliza kama wewe pia unafanya. Moja, sinunui kitu mara ya kwanza nikikiona. Narudi wiki nyingine, ili mwenyewe aongee na watoto wake kwanza. Mbili, naandika jina, mahali na stori, akikubali, na karatasi inaenda na kitu hadi kwa mnunuzi. Tatu, nikiuza, nusu ya faida inarudi kwa M-Pesa ya aliyeniuzia, na wewe mnunuzi utaiona risiti. Nne, kitu cha tambiko au cha marehemu sigusi, hata nikisihiwa. Mtu akiwa na shida ya karo tutafute karo, tusitafute kigoda.

Mtaniambia nitakosa hela. Nitakosa, ndio.

Nilimpelekea kogo 3,000 mwezi wa kwanza. Alizipokea, akanishukuru, akanimiminia mursik kutoka kwa jagi. Halafu akaangalia pale ukutani kigoda kilipokuwa kinakaa, hakusema kitu.

Yule dem alibadilisha namba na akaunti yake siioni tena. Kwa hivyo naomba: kama uko Nairobi, au popote, na umenunua kigoda cha miguu mitatu kutoka kwangu mwezi wa nane mwaka jana, mguu mmoja umefungwa waya, niandikie inboksi. Nitakurudishia 6,500 yote na nauli juu. Sotet ukiipenda baki nayo. Na tafadhali, kama bado hujaitoa hiyo waya, usiitoe.