Bunduki bila risasi ni fimbo

Wapo wanaozisifu mno bunduki za Mauser za enzi ya Mjerumani, ila wanasahau kuuliza risasi zilitoka wapi. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani huku Afrika Mashariki, walikuwa bado na Mauser ya 1871: risasi moja moja, milimita 11, baruti nyeusi inayofuka moshi mzito na kumwonyesha adui alipojificha mpigaji. Mauser ya 1898, waliyokuwa nayo wachache, ilibeba risasi tano za milimita 7.92, tena karibu bila moshi. Risasi ya hii haiingii kwenye ile. Ndiyo maana ushindi wa Wajerumani huko Tanga, Novemba 1914, ulikuwa pia ushindi wa ghala: Waingereza waliacha bunduki 455 na risasi 600,000. Na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo, aliposalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 1918, bunduki zake 1,071 zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Jeshi lilifuata risasi, Mauser ikaachwa njiani.

Atatokea wa kusema mbona gobore linadumu vijijini hadi leo. Kweli, lakini gobore (nalo si la kuchezea) hushindiliwa baruti na vipande vya chuma mdomoni mwa mtutu. Halidai ganda la shaba lenye vipimo kamili. Mauser inalidai. Kwa hiyo atakayeikuta darini huku kwetu Zirai, mkoani Tanga, asihangaike kutafuta risasi za kuijaribia. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni ya kumiliki bunduki. Atoe taarifa polisi.