Binti wa Ibadakuli na dakika za Magdalena Shauri

Leo naweka siasa pembeni, tuongee mbio. Na kabla sijamlaumu mtu, nianze na mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilitumwa kuandika michezo ya shule za sekondari hapa Ibadakuli, kata ya Manispaa ya Shinyanga ulipo uwanja wa ndege. Kwenye mita 1,500 binti mmoja, peku, aliwaacha wenzake nyuma kabisa. Vigelegele vikapigwa. Mimi nikampa mstari mmoja gazetini, tena bila jina, maana nafasi yote niliijaza mechi ya wavulana. Mwaka uliofuata nikamuulizia kwa mwalimu wake. "Yule kaolewa," akanijibu, akaendelea kusahihisha madaftari.

Nilimkumbuka tarehe 24 Septemba 2023. Siku hiyo Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu Berlin Marathon kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa kwa wanawake. Hesabu mwenyewe: kila kilomita dakika 3 na sekunde 17, mara 42! Panda Phoenix yako toka Ibadakuli mpaka mjini uone kama utaenda mwendo huo.

Sasa kuna watu wanasema, "Hao ni wa Manyara na Singida bwana, wamezaliwa na mbio." Sikubaliani nao. Kipaji kipo, lakini kipaji hakili mchana. Magdalena alikuwa na miaka 27 siku ile ya Berlin. Marathoni haikupi kitu ukiwa na miaka 16. Inakudai miaka kumi ya kuamka alfajiri, kula vizuri na kupumzika, bila kulipwa. Nani anakulisha miaka hiyo yote?

Tazama wanaume wetu. Filbert Bayi, Juma Ikangaa, na Alphonce Simbu aliyetwaa dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, wote ni watu wa jeshi. Magdalena naye ni askari. Jeshi halikuwapa mapafu. Liliwapa mshahara na muda wa mazoezi.

Msichana wa huku anapewa nini? Mkoa wetu umetajwa miaka mingi kwa ndoa za utotoni. Wakati mkimbiaji anatakiwa aanze kujengwa, ndipo ng'ombe wanapohesabiwa. Ndiyo maana wanawake wetu waliofika mbali tunawahesabu kwa vidole. Banuelia Mrashani alishinda marathoni ya wanawake ya Tokyo mwaka 2002. Toka hapo mpaka Berlin ya Magdalena ni miaka 21.

Na msiniambie hakuna hela. Tumekaa juu ya dhahabu na almasi! Majina ya migodi tumeyaona mpaka Ligi Kuu: Mwadui FC, Geita Gold. Sipingi mpira, mimi mwenyewe ni mshabiki. Lakini Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye mgodi apange na halmashauri mchango wake kwa jamii. Kwenye mpango huo tunashindwaje kuweka wasichana kumi? Bweni, chakula, viatu, na kocha mmoja anayelipwa kila mwezi. Iwe kwa miaka minane, siyo kwa bonanza la siku moja lenye fulana na picha na mkuu wa wilaya.

Wapo watakaoshindwa kufika Berlin. Sawa. Watakuwa wamemaliza shule, na hakuna atakayekuwa ameolewa akiwa kidato cha pili. Hiyo peke yake ni medali.

Upande wangu nimeshajirekebisha. Siku hizi nikienda kwenye michezo ya shule, kitu cha kwanza namuuliza mshindi wa kike jina lake, nalituma gazetini likiwa kamili. Wakilikata huko juu, nitalituma tena mwaka unaofuata.

Mnasemaje wadau? Nawakilisha.