Mgeni rasmi akichelewa, jua halimsubiri

Mkazi wa Dar es Salaam anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon hana pa kukwepea kaskazi. Mbio zile kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Februari, kwa hiyo mazoezi marefu, yale ya kilomita 25 na 30, hayana budi kufanyika Januari, wakati hata feni ya darini inapuliza moto. Mimi na wenzangu wa klabu hutoka Mwenge saa kumi alfajiri, tukashuka hadi Coco Beach na kuvuka Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi. Jua likishatoka baharini, kilichobaki ni kutafuta dafu.

Joto la Pwani lina hila. Kwenye hewa kavu jasho hukauka na kuondoka na moto wa mwili. Huku kwetu hewa imeshiba maji, jasho linadondoka tu, fulana inalowa, soksi zinalowa, na mwili haupoi. Moyo unakwenda mbio kwa mwendo uleule wa siku zote. Vijana wanaotaka saa zao zisome dakika tano kwa kilomita mwezi Januari huwa nawaambia wazifunike kwa leso. Mwili huzoea: ukiupa kama wiki mbili za kukimbia taratibu, majimaji ya damu huongezeka, jasho huwahi kutoka na chumvi yake hupungua. Na maji matupu lita kwa lita si dawa, maana chumvi ya damu ikishuka mno mtu huanguka na tumbo limejaa maji.

Hayo mkimbiaji huyapanga mwenyewe. Asichoweza kupanga ni saa ya kuanza, na hapo ndipo ninapogombana na waandaaji wa mbio zetu za hisani. Tangazo linasema saa kumi na mbili kamili. Tunabandika namba, tunarushwarushwa na mwalimu wa viungo mbele ya spika za kutoboa masikio, saa kumi na mbili inapita. Mgeni rasmi yuko njiani. Akifika, itifaki izingatiwe, wadhamini watajwe, picha ya pamoja ipigwe. Filimbi inalia saa moja na robo. Wa kilomita 5 hawaumii sana. Wa 21, hasa sisi wa nyuma, tunamaliza saa nne lami ikiwaka, na vituo vya maji vimebaki na chupa tupu. Nimemwona dada akiyumba kama mlevi, maneno hayaungani, na watu wenye huruma wakamfunika kanga! Mtu wa namna hiyo hupozwa palepale, maji ya baridi na barafu mwili mzima, ndipo gari litafutwe.

Wakubwa wa riadha wenyewe wanaliogopa joto. Doha, mwaka 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu saa sita usiku, na bado kati ya wakimbiaji 68, 28 hawakumaliza. Ruth Chepngetich wa Kenya alishinda kwa saa 2:32:43, muda wa pole kabisa kwa mtu wa kiwango chake. Tokyo, Septemba 2025, waliwahisha marathoni kwa nusu saa, na katika fukuto lile Alphonce Simbu wetu akampita Mjerumani Amanal Petros mstarini kabisa, kwa sekunde 0.03. Taifa zima lilishangilia. Kule jua liliheshimiwa kwa ajili ya mabingwa. Huku mhasibu wa miaka hamsini anaachwa alisubiri.

Kwa kaskazi, filimbi ilie saa kumi na moja na nusu, awepo mheshimiwa au asiwepo. Barabara zifungwe mapema, taa zipo. Maji yahesabiwe kuanzia kwa mkimbiaji wa mwisho. Mgeni rasmi aje kuvalisha medali, na hotuba yake aitoe chini ya hema tukiwa tumeketi na madafu mkononi, ndefu kadiri apendavyo.